Mgeni, Jembe na Ujira Wake

Katika usharika wetu kuna bahasha iliyokaa kwenye sanduku la mtunza hazina tangu msimu wa mpunga uliopita. Ndani yake mna fedha taslimu, na juu yake pameandikwa jina moja tu, la ubatizo. Si sadaka, wala si fungu la kumi. Ni ujira wa kijana kutoka Burundi aliyepalilia majaruba ya mmoja wetu, na leo hatujui yuko wapi.

Habari yenyewe ni fupi. Kijana alikuja kutafuta kibarua, kama wanavyokuja wengi kila mvua zinapoanza. Alikaa nasi, akaimba besi kwenye kwaya ya vijana, akapata shamba la kupalilia. Bei waliyopatana ilikuwa karibu nusu ya ile anayolipwa kijana wa hapa kwa ekari ile ile. Alipalilia ekari tatu. Siku ya malipo aliambiwa asubiri mavuno. Alipouliza mara ya pili, alijibiwa kwa maneno ambayo wengi wetu tumeyasikia, na baadhi yetu tumeyasema: "Karatasi zako ziko wapi? Nenda Uhamiaji ukadai." Hakwenda Uhamiaji. Aliondoka usiku, na Jumapili iliyofuata nafasi yake kwenye kwaya ilikuwa wazi.

Mwenye shamba, tuseme kwa heshima yake, alikiri mbele ya baraza la wazee na kuleta fedha. Lakini alizileta kwa bei ile ya nusu. Hapo baraza likagawanyika. Wapo waliosema deni limekwisha, maana ndiyo bei waliyopatana. Wapo waliosema bei yenyewe ilikuwa dhambi tangu siku ya kwanza. Na wapo waliosema kijana hakuwa na kibali cha kufanya kazi, kwa hiyo hana cha kudai. Makala hii imetokana na mabishano hayo. Hatuandiki kama watu walio nje ya jambo lenyewe, kwa sababu mpunga ule tumeula.

Mpaka una kazi yake

Tuanze kwa kuwatendea haki wanaotetea sheria. Nchi kuwa na mpaka, na kuamua nani aingie na nani afanye kazi ndani yake, si dhambi. Tunayo Sheria ya Uhamiaji ya 1995, na tunayo Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, inayomtaka mgeni awe na kibali cha kazi na inayomtaka mwajiri aandae mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa mgeni huyo. Sisi wa Shinyanga na Geita hatuwezi kujifanya hatuipendi sheria ya namna hii. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu ulipoanza uzalishaji mwaka 2001, malalamiko ya vijana wetu yalikuwa hayo hayo: kazi ambazo mtoto wa hapa angeweza kuzifanya zinafanywa na watu waliotoka mbali. Kanuni za mwaka 2018 za kuwashirikisha Watanzania katika sekta ya madini zilipotoka, wengi wetu tulishukuru.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kila anayetaka kuingia lazima aingie. Maskini wa hapa naye ana madai juu yetu, na serikali isiyomlinda mwananchi wake wa chini kabisa haimtendei haki. Swali letu ni dogo zaidi kuliko hilo, nalo linatugusa zaidi: mtu akishaingia, akashika jembe, akatoa jasho, je, thamani ya jasho lake inaweza kupimwa kwa upande wa mpaka alikozaliwa?

Kipimo kimoja, hasira mbili

Katika ukanda wetu wageni ni wa aina mbili. Wa kwanza huja kwa ndege, na kazi yake ni ya utaalamu mgodini. Wa pili huja kwa miguu au juu ya lori kupitia Kabanga au Rusumo, na kazi yake ni jembe, kuchunga, kubeba mifuko ya mawe kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, au kutumika majumbani.

Wa kwanza mara nyingi hulipwa zaidi ya Mtanzania anayefanya naye kazi ile ile. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa: kwao mishahara iko juu, hawezi kuja kwa bei ya hapa. Wa pili hulipwa chini ya Mtanzania anayefanya naye kazi ile ile. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa: kwao mishahara iko chini, hata hiki kidogo kwake ni kingi.

Tuyatazame majibu hayo mawili kwa utulivu, maana ni jibu moja. Yote mawili hayapimi kazi. Yanapima kule mtu alikotoka. Fundi wetu anapogundua kwamba mwenzake wa kigeni, mwenye cheti kama chake na zamu kama yake, analipwa mara kadhaa zaidi, hukasirika, na tunamwona ana haki ya kukasirika. Jioni hiyo hiyo anarudi nyumbani na kumlipa Mrundi anayemchungia ng'ombe nusu ya anachomlipa mchungaji Msukuma, wala haoni kwamba amekitumia kipimo kile kile kilichomuumiza asubuhi. Tunakichukia kipimo kinapotupunja, na kinapotufaa tunakishika.

Yupo atakayesema kuwa mtaalamu amewaacha watoto wake mbali, na hilo lastahili fidia. Ni kweli. Nauli na posho ya kuishi ugenini ni jambo la haki. Lakini hata Mrundi amewaacha watoto wake mbali, na hakuna anayemwongezea chochote kwa ajili hiyo.

Wazee wetu walikipimwa kipimo hiki. Wakati wa ukoloni mishahara ilipangwa kwa rangi: ya Mzungu juu, ya Mwasia katikati, ya Mwafrika chini. Wasukuma na Wanyamwezi walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, pamoja na Waha na watu wa Ruanda-Urundi. Waliitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba zao, na walilipwa baada ya kumaliza kipande cha siku 30 za kazi. Bibi na babu zetu walituhadithia mambo hayo kama mambo ya uonevu. Katika hadithi zile babu wa Mrundi huyu na babu zetu walilala kambi moja.

"Lakini alikubali mwenyewe"

Hoja ya kwanza ya baraza ilikuwa kwamba kijana alikubali bei. Mwenzetu mmoja alitukumbusha mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20, ambapo mwenye shamba anawajibu wanaonung'unika kwamba amewalipa kile walichopatana naye. Je, Bwana hakuyaheshimu mapatano?

Aliyaheshimu. Lakini tuangalie mwenye shamba yule alifanya nini. Walioajiriwa saa za mwisho hawakuwa na nguvu ya kupatana chochote. Walikuwa wamesimama sokoni siku nzima kwa sababu hakuna aliyewataka. Mwenye shamba angeweza kuwapa senti chache na wasingekuwa na la kusema. Badala yake aliwapa ujira wa siku nzima, kiasi ambacho mtu na watoto wake wangeweza kula. Udhaifu wao haukumfanya ashushe bei. Mapatano kwake yalikuwa kiwango ambacho hawezi kwenda chini yake. Kwenda juu yake alikuwa huru, naye akaenda.

Tena kuna kukubali na kukubali. Mtu anayejua kwamba mwajiri wake anaweza kumkamatisha kwa simu moja hakai mezani kupatana kama mtu huru. Anasema "sawa" kwa sababu neno jingine hana. Sisi wenyewe tusingeyaita hayo mapatano kama angekuwa mtoto wetu.

"Hata hivyo amepata faida"

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kijana amepata zaidi ya ambavyo angepata kwao, ndiyo maana alikuja. Tukimdai kila mwenye shamba alipe bei sawa, huenda wasimwajiri kabisa, naye akarudi na njaa. Je, haki yetu haitamwumiza kuliko uonevu wetu?

Hatuwezi kuipuuza hoja hii. Lakini Biblia inayo habari ya mtu wa namna hiyo. Yakobo alikimbia kwao akiwa hana kitu ila fimbo yake, akafika kwa Labani, akapewa kazi ya kuchunga. Alipata faida kwa Labani? Sana. Aliondoka na wake, watoto na makundi ya mifugo. Hata hivyo kitabu cha Mwanzo hakimhesabii Labani haki kwa sababu hiyo. Yakobo analalamika kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi, na Mungu anamwambia kwamba ameyaona yote anayotendewa. Faida aliyoipata mgeni haikumsafisha mwenyeji. Labani naye alikuwa ndugu wa mama yake, aliyempokea kwa kumkumbatia. Kwa hiyo hata sisi tulioimba naye kwaya moja tusijifiche nyuma ya upendo wetu.

Na je, tukilipa sawa hawataajiriwa? Baadhi huenda wasiajiriwe. Hilo ni gharama ya kweli, na tunaikiri. Lakini tusikilize upande wa tatu, ambao husahaulika katika mabishano haya: kibarua wa hapa.

Kijana wetu asiye na shamba

Tukizungumza na vijana wa Katoro, Kahama au Nyarugusu wanaoishi kwa kibarua, wanatuambia neno moja: Warundi wanashusha bei. Wengine wanalisema kwa chuki, na chuki hiyo hatuibariki. Lakini neno lenyewe lina ukweli ndani yake. Ikiwa mwenye shamba anaweza kupata palizi kwa nusu, kwa nini amlipe kijana wa hapa kamili? Ila tusimkosee mkosaji. Mrundi hana uwezo wa kushusha bei. Bei inashushwa na yule mwenye fedha mkononi anayejua kwamba huyu hawezi kumshitaki.

Jambo hili limeonekana mbali na kwetu. Umoja wa Ulaya ulipopokea nchi 10 mwaka 2004, nane kati yake zikiwa za Ulaya ya Mashariki, tofauti ya mishahara kati ya nchi hizo na zile za Magharibi ilikuwa kubwa sana. Uingereza, Ireland na Sweden zilifungua soko lao la ajira mara moja. Ujerumani na Austria ziliendelea kuweka vizuizi mpaka 2011, zikihofia kwamba wageni wangeshusha mishahara ya wenyeji. Mgogoro mkubwa ulikuwa juu ya wafanyakazi wanaotumwa na kampuni za nchi yenye mishahara midogo kwenda kufanya kazi katika nchi yenye mishahara mikubwa: je, walipwe kwa kipimo cha kwao au cha pale wanapofanya kazi? Sheria ya kwanza ya mwaka 1996 iliwahakikishia kima cha chini tu cha mahali pale. Mwaka 2018 Umoja huo uliirekebisha ili kusimamisha kanuni ya ujira sawa kwa kazi ile ile mahali pale pale. Si kwa sababu Ulaya ni watakatifu. Wanaovuka bahari kutoka Afrika wanajua vinginevyo. Lakini walijifunza kwamba ujira sawa haumlindi mgeni peke yake. Unamlinda na mwenyeji, kwa sababu unamwondolea mwajiri sababu ya kumgeuza mmoja kuwa rungu la kumpigia mwingine.

Hata sheria zetu zinaelekea huko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na utaifa umetajwa miongoni mwa misingi inayokatazwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inakataza raia wa nchi wanachama kubaguliwa katika ujira kwa sababu ya utaifa wao. Lakini milango iliyofunguliwa kwa wafanyakazi ni ya kada zilizoorodheshwa, na kibarua wa jembe hamo. Ada na taratibu za vibali zimepangwa kwa ajili ya wataalamu na wawekezaji, si kwa mtu anayekuja na jembe begani kwa miezi mitatu. Shehena ya Burundi inapita bandari kavu ya Isaka mchana kweupe ikiwa na hati zake zote. Mtu wa Burundi anapita usiku. Na mtu anayeogopa kuonekana hawezi kwenda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai chake, hata kama sheria inamtaja.

Tuliyoyaona 2013, na binti zetu walio Oman

Septemba 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Serikali ilikuwa na sababu zake, na uhalifu wa kutumia silaha katika mikoa ile ulikuwa wa kweli. Lakini kati ya walioondoka walikuwamo watu waliokaa miaka mingi, waliooa na kuolewa hapa, waliokuwa wakiwalimia majirani zao. Wapo walioacha mashamba na kuuza mifugo kwa bei ya kutupa, na mifugo ile haikununuliwa na malaika. Wengi wetu tulikaa kimya.

Nchi hii hii imewahi kufanya vingine. Mwaka 2007 ilitoa nafasi kwa wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 kuomba uraia, na kufikia 2014 zaidi ya watu 162,000 walikuwa wamekubaliwa. Wengi wao waliishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambayo ni jirani zetu. Hatuoni kwamba Tanzania imepungukiwa kwa sababu yao.

Na tusisahau binti zetu. Kutoka mikoa mbalimbali ya nchi yetu wamekwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani, kwa sababu ile ile iliyomleta kijana wetu: huko mshahara ni mkubwa kuliko hapa. Huko wanakutana na mfumo wa kafala, unaofunga ukaazi wa mfanyakazi kwa mwajiri wake. Binti akinyimwa mshahara na pasi yake ikafungiwa kabatini, tunafunga na kuomba, na tunalia kwamba mwajiri yule hamwogopi Mungu. Maneno anayoambiwa binti yule hayako mbali na yale aliyoambiwa kijana wa Burundi kwenye majaruba yetu. Bwana alituagiza tuwatendee watu yale tunayotaka kutendewa. Katika jambo hili hatuhitaji hata kufikiri sana ili kujua tunataka kutendewa nini.

Kibali ni jambo moja, deni ni jambo jingine

Tumjibu sasa mzee aliyesema kwamba asiye na kibali hana cha kudai. Kukosa kibali ni kosa mbele ya serikali, na mwenye shamba naye alikosa alipomwajiri. Kila mmoja atajibu kwa sehemu yake. Lakini kosa hilo halihamishi jasho la mtu kuwa mali ya mwingine. Tukisema linahamisha, tutakuwa tumeanzisha biashara: ajiri mtu asiye na karatasi, subiri amalize kazi, kisha kumbuka sheria. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, Musa anaagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, awe ni ndugu au mgeni aliye ndani ya malango. Wawili hao wametajwa pamoja, na jua ni lile lile. Yakobo naye katika waraka wake, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Hasemi kwamba kwanza huulizwa uraia wake.

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaipenda kwa sababu inamfanya mgeni awe mtu wa nyumbani, anayelima pamoja nasi. Lakini ukimpa jembe kama mtu wa nyumbani, usimlipe kama mpita njia.

Kwa hiyo baraza limekubaliana mambo machache, nasi tunayaleta mbele ya washarika wote. Bei ya kibarua katika mashamba yetu na kwenye maduara tunayoyamiliki iwe moja kwa kazi moja, mbele ya mzee wa jumuiya kama kuna wasiwasi. Ujira ulipwe siku kazi inapokwisha. Mshirika atakayemtishia mtu kwa Uhamiaji ili asimlipe atahesabiwa amezuia ujira, na atashughulikiwa kama tunavyoshughulikia dhambi nyingine. Anayetaka kumwajiri mgeni afuate sheria, na asiyeijua aulize ofisi husika kabla ya palizi, si baada yake. Na wale kati yetu wanaokaa kwenye vikao vya wilaya wapeleke swali hili: je, haiwezekani kuwapo kibali cha msimu, chenye ada ndogo, kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaokuja kulima na kurudi kwao?

Kuhusu bahasha, mwenye shamba aliongeza nusu iliyobaki, baada ya majuma mawili na baada ya mazungumzo ambayo hayakuwa mepesi. Wakati wa harambee ya bati mtu mmoja alipendekeza tuitumie, kwa kuwa mwenyewe hatarudi. Baraza lilikataa. Hatuwezi kuezeka nyumba ya Mungu kwa ujira wa mtu mwingine. Tumewaomba madereva wanaopita Isaka kwenda Kobero wapeleke habari upande wa Muyinga, ambako kijana alituambia ndiko kwao. Mpaka leo hakuna jibu. Kila mwisho wa mwezi mtunza hazina anaisoma katika taarifa yake, kiasi kile kile, chini ya neno "deni". Tumemwomba aendelee kuisoma.